Kambare wa Ghorofa ya Nne

Ijumaa iliyopita, watu wakitoka swala, niliamriwa kuvua samaki ndani ya tenki la maji la jengo tunalopanga, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na nikamkosa. Nilimkosa mbele ya mwenye nyumba. Nilimkosa mbele ya mjumbe, aliyekuja na daftari lake. Nilimkosa mbele ya wapangaji wa ghorofa zote, kila mmoja na ndoo yake tupu, na mbele ya machinga wa uchochoroni walioziacha bidhaa zao ili waje waone mtu mzima, na kanzu yake ya Ijumaa, amesimama juu ya tundu la tenki akiwa na fimbo ya kuvulia ambayo ncha yake ilikuwa imenasa kwenye kamba ya nguo ya ghorofa ya kwanza. Simu zote zilikuwa juu. Kijana anayeuza soksi alikuwa anatangaza mpira: "Anarushaaa... anavutaaa... kapaisha!"

Video hiyo sasa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Gerezani mpaka Magomeni, na kasoro yake ni kwamba haina maelezo. Anayeitazama anaona mtu, fimbo na tenki. Haoni giza la mle ndani. Hajui kwamba tenki limejengwa chini ya ardhi, lina nguzo katikati, na nguzo hiyo ilishika ndoano yangu kwa uaminifu ambao kambare hakuwahi kuuonyesha. Wala hajui kambare ni kiumbe wa namna gani, jambo ambalo lingenipunguzia aibu kwa kiasi kikubwa.

Chambo nilichokuwa nacho ni kisamaki cha plastiki, tumbo jekundu, mgongo wa rangi ya fedha, chenye ndoano mbili za makucha matatu matatu. Nilikinunua kwa fedha nzuri katika duka la nyavu nyuma ya soko. Kimetengenezwa kwa ajili ya samaki anayewinda kwa macho: ukikivuta majini kinatikisa mkia, kinang'aa, kinajifanya mgonjwa, na samaki mlafi anaona riziki imejileta. Sasa kambare macho yake ni madogo na hana haja nayo sana, kwa sababu maisha yake yote anaishi kwenye tope. Anazo sharubu nane, na kwenye sharubu hizo, na hata kwenye ngozi ya mwili, ana vionjio. Yaani mwili mzima ni ulimi. Plastiki haina ladha. Nilikuwa nimesimama pale juani, jasho linatiririka ndani ya kanzu, nikimwonyesha kipofu sinema.

Haya hayakumhusu mtu. Kariakoo ukisimama na kitu mkononi kwa dakika tano, unapata washauri. "Legeza mshipi, kaka." "Usilegeze, kaza!" "Huyo anataka dagaa." "Bwana, piga kwanza maji na mwiko." Mjumbe aliandika kitu. Mtoto wa ghorofa ya pili aliuliza kama samaki naye analipa kodi, na mwenye nyumba, badala ya kucheka, alinitazama mimi.

Kisha nikahisi uzito. Uzito wa kweli, ule unaoshuka kwenye fimbo mpaka kwenye kiwiko. Nikasema "Bismillahi," nikavuta kwa nguvu zangu zote, fimbo ikapinda, umati ukanyamaza, na kutoka gizani nikalitoa boya la tenki, lile linaloiambia pampu izime maji yakipungua, pamoja na mita kadhaa za waya wake.

"Boya kavua boya!" akatangaza muuza soksi.

Hapo ndipo aliposogea mama ntilie wetu, anayepikia uchochoroni, mzaliwa wa Ukerewe. Hakusema neno. Aliomba ndoano moja kutoka kwenye kisanduku changu chenye vyumba ishirini na nne, akaifunga kwenye kamba ya nailoni ya kufungia mizigo, akaingia jikoni kwake, akarudi na kipande cha sabuni ya mche. Sabuni ya kufulia. Akakichomeka kwenye ndoano, akakitumbukiza, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuendelea kuchambua mchele. Mchele haujaisha, kamba ikacheza. Alimtoa kambare kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika ungo.

Nimeulizia tangu siku hiyo, na ni jambo la kawaida kabisa. Huko ziwani wanaotega kambare kwa ndoano wanaijua sabuni kitambo. Sabuni hutokana na mafuta, yawe ya mawese, ya nazi au ya mnyama, na ikilowa inaachia harufu inayosambaa majini polepole. Kwa kiumbe ambaye mwili mzima ni ulimi, kipande kile ni karamu. Ningelijua hilo mapema ningeokoa fedha ya kisamaki cha plastiki, ningenunua mche mzima na chenji ingebaki. Naona ajabu mpaka leo. Unaweza kuishi Kariakoo, mahali ambapo kila kitu duniani kinauzwa, ukauziwa kila kitu isipokuwa kile kinachofanya kazi.

Chanzo cha haya yote ni video nyingine, iliyonijia usiku mmoja bila kuitafuta. Huko jimbo la Illinois, Marekani, walichimba makaa ya mawe kwa kuikwangua ardhi ya juu, wakaacha mashimo marefu marefu, mashimo yakajaa maji, na leo kuna hifadhi ya jimbo iitwayo Pyramid ambayo sehemu yake kubwa ni mashimo ya namna hiyo. Baridi ikiisha, watu hufunga safari na boti zao za injini, wakakaa kwenye viti vinavyozunguka, wakavua bass. Huyo ni yule samaki wa mdomo mpana ambaye wakoloni walimpandikiza Ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920, wapate cha kuchezea. Mwanamume kwenye video alimtoa mmoja mkubwa kama paja, akambusu, akamrudisha majini. Nilikaa kitandani kimya. Kumbusu samaki na kumrudisha hakunihusu, kila mtu na ndoa yake. Kilichonishika ni shimo. Shimo lililoachwa na mgodi limekuwa mahali pa starehe! Nikajiambia: mbona mashimo tunayo?

Na kweli tunayo, tena mimi na majirani zangu tunahusika moja kwa moja. Aliyeijua Kariakoo ya nyumba za vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, atakumbuka kwamba Soko Kuu lenyewe, lile la miavuli ya zege alilolichora Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975, lilionekana mlima. Leo limezungukwa na maghorofa kiasi kwamba wageni wanauliza soko liko wapi wakiwa wamesimama mbele yake. Maghorofa hayo ni zege, na zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Saruji inatoka Wazo tangu mwaka 1966. Kokoto, kwa miaka mingi, zimetoka machimbo ya Kunduchi, ambako mpaka kesho utawakuta akina mama wamekaa chini ya turubai, nyundo mkononi, mpira wa baiskeli umezungushiwa jiwe lisiruke, wanaligonga mpaka linakuwa kokoto, ndoo kwa ndoo. Kila jengo linalopanda Kariakoo, basi, lina shimo lake mahali fulani. Nilipofika Kunduchi kwa mara ya kwanza, nikashuka Mtongani, nikatembea mpaka ukingoni na kuchungulia chini, niliona kuta zilizonyooka, kona zilizokatwa vizuri na kina cha ghorofa kadhaa. Nikasema, hili ndilo jengo letu. Limegeuzwa ndani nje, na huku chini halina mwenye nyumba.

Linavyojaa ni kazi ya masika. Mvua ya Machi inalowesha tu. Ya Aprili ndiyo inayofanya kazi: maji yanateremka kutoka mitaa ya juu na udongo, majani na chupa za soda, yanaingia shimoni. Mwanzoni yanapotea, maana mawe ya pwani yana vinyweleo vingi. Lakini unga wa mawe uliobaki kwenye sakafu, ukichanganyika na tope, unaziba vinyweleo hivyo kidogo kidogo, na kufikia Juni shimo lina ziwa la kijani, limetulia, na mbu wa kutosha wilaya nzima.

Samaki wanaingiaje humo? Swali hili limeninyima usingizi kuliko kodi ya pango. Wenyeji wanakuambia wanashuka na mvua, na wanakuambia kwa utulivu wa mtu aliyewaona. Ukweli nao una maajabu yake. Perege huja na mafuriko, pengine kutoka Mto Tegeta ukifurika, na anahitajika mmoja tu aliyebeba mzigo, kwa sababu perege jike hulelea mayai mdomoni. Dume huchimba sahani kwenye tope la chini, jike hutaga humo, kisha huyakusanya mayai yote kinywani na kukaa nayo mpaka yaanguliwe, hali chakula, na hata watoto wakishazaliwa, wakiogopeshwa hurudi kukimbilia mdomoni mwa mama. Fikiria hilo unapotupa ndoano mwezi wa uzazi ukashangaa hakuna anayeuma. Mama ana mdomo umejaa watoto, wewe unamwonyesha plastiki.

Vipo pia vidagaa vya rangi vya madimbwi ya pwani, ambavyo wataalamu huviita Nothobranchius na ambavyo watu wa Ulaya huvifuga kwenye vioo sebuleni. Hivi havihitaji hata mafuriko. Vinaishi miezi michache, vinataga kwenye tope, dimbwi linakauka, wazazi wote wanakufa, na mayai yanakaa ndani ya udongo mkavu yakisubiri mvua. Mvua ikinyesha, yanaanguliwa. Ukoo mzima unakufa kila kiangazi na kurudi kila masika. Mimi nikichelewesha kodi mwezi mmoja naandikiwa barua.

Lakini mfalme wa safari ni kambare. Juu ya matamvua yake ana kiungo kingine chenye matawi mithili ya mti mdogo, na kwa kiungo hicho anavuta hewa hii hii tunayovuta mimi na wewe. Dimbwi likipungua au likichafuka, anasubiri usiku wenye manyunyu, anatoka, anachomeka miiba ya mapezi ya ubavuni kwenye udongo, kulia, kushoto, kulia, anajisukuma kwa mkia, na anakwenda. Ngozi ikibaki na unyevu anaweza kukaa nje ya maji kwa saa kadhaa. Anavuka majani, mitaro, hata barabara. Hana haja ya nauli.

Sentensi hiyo ya unyevu ningeomba ikumbukwe.

Kule shimoni siku hiyo ya kwanza sitaki kueleza sana. Nilirusha, nikanasa jiwe. Nilirusha tena, nikanasa khanga ya mmoja wa akina mama wa kokoto iliyoanikwa ukingoni, naye akaniambia, "Baba, kama unaitaka si useme?" Karibu yangu alikaa kijana wa miaka kumi hivi, na ufito wa mti, mshipi wa mkono mmoja, boya la kandambili iliyokatwa na kopo la nyungunyungu, akitoa perege mmoja baada ya mwingine na kuwatunga kwenye kamba kwa uso wa mtu anayefanya kazi ya nyumbani ya hesabu. "Shikamoo anko," aliniambia. "Hicho kidude wanakipenda?" Jioni niliondoka na kambare mzima mzima, mrefu wa mkono, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Alinaswa na ndoano. Ya nani, hiyo si hoja kwa sasa.

Konda wa daladala alinitoza nauli ya ndoo.

Nyumbani nilimpa mke wangu ndoo, naye akafunua, akafunika, akaniambia kitu hicho hakiingii jikoni kwake kikiwa na harufu hiyo. Alikuwa na haki. Samaki wa dimbwi hunuka tope, na tope lenyewe halina kosa: harufu hutengenezwa na bakteria wa kwenye maji na udongo, ikaingia kwa samaki na kukaa kwenye mafuta ya nyama. Dawa yake inajulikana. Mweke samaki hai kwenye maji safi kwa siku kadhaa, usimpe chakula, atajisafisha mwenyewe. Nikamweka kwenye ndoo pale kibarazani, ghorofa ya nne, nikafunika, nikaweka juu yake tofali la usawa wa akili yangu, maana yake dogo.

Usiku ule maji ya bomba yalikuja. Mkaazi yeyote wa katikati ya jiji anajua maana yake. Maji hayana ratiba, kwa hiyo yanapokuja hakuna anayethubutu kufunga, simtanki la juu ya paa likajaa, likafurika, na maji yakateremka kwenye ngazi zetu kuanzia ghorofa ya juu mpaka chini, ngazi kwa ngazi, usiku kucha. Nyinyi hapo mnaona hasara. Kambare aliona masika.

Aliondoa tofali. Alishuka ghorofa nne. Mlinzi alikiri baadaye kwamba saa nane za usiku alisikia kitu kikijiburuta kwenye ngazi, *pa, pa, pa,* lakini aligeukia ukutani, kwa sababu mlinzi mwenye busara haulizi vitu vinavyotembea usiku Kariakoo. Chini uani kuna tundu la tenki. Tundu hilo halikuwa na mfuniko. Mfuniko uliondolewa siku boza lilipokuja kutuuzia maji ili mpira uingie, na haukurudishwa, na watu walikuwa wanaliruka tundu kila asubuhi wakiwahi kazini. Kambare hakuliruka.

Tuliishi naye siku kadhaa bila kujua. Tulikunywa chai. Tulipika pilau ya khitma ya watu wa ghorofa ya tatu. Siku alipogunduliwa, binti aliyeteka maji alipiga kelele kwamba kwenye tenki kuna mzee mwenye sharubu, na kabla ya adhuhuri jini huyo alikuwa ameshapata jina, kabila na madai. Mmoja alitaka aletwe mtu wa kusoma. Mwingine alitaka iletwe chumvi. Mtu wa ghorofa ya tano alisema taratibu, "Subirini. Nani hapa ana fimbo ya kuvulia?"

Waswahili wana mfano wa nyumba ya kambare: baba ana sharubu, mama ana sharubu, mtoto naye ana sharubu, hujui mkubwa ni nani. Kikao cha wapangaji kilikuwa hivyo. Wote walikuwa wakubwa. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa suala la dini, ambalo sikulitegemea. Jirani Msabato wa ghorofa ya tano hali samaki asiye na magamba, Mambo ya Walawi sura ya 11, na alitaka kujua chai aliyokunywa inahesabiwa vipi. Mzee Khoja Ithnaasheri wa ghorofa ya pili, ambaye madhehebu yake nayo yanakataza samaki asiye na magamba, alisema hilo ni swali zuri sana. Watu hawa wawili wamepishana kwenye ngazi kwa miaka bila zaidi ya "habari". Siku hiyo walikaa kiti kimoja, wakaniangalia kwa jicho moja. Mjumbe alisema kila mtu amuulize kiongozi wake wa dini, akaandika: *suala limeahirishwa.* Najivunia kwamba kama kuna umoja wa kitaifa uliojengwa katika jengo lile, nimeujenga mimi.

Hukumu: nilipe boza zima la maji, nilipe kuoshwa kwa tenki, nilipe boya na fundi wa boya. Samaki alichukuliwa na mama ntilie kama ushahidi, na ushahidi ukakaangwa. Waliokula, wakiwemo wawili waliosema wanatapika, wananiambia alikuwa mtamu ajabu, hana hata chembe ya harufu ya tope. Naam! Alikuwa amesafishwa kwenye lita elfu kadhaa za maji safi kwa gharama yangu. Sikuachiwa hata kichwa. Na hakuna aliyesema lolote kuhusu sabuni iliyotumbukizwa kwenye maji yale yale ya kunywa.

Lakini kuna jambo nililolisema kikaoni na halikuandikwa. Niliuliza: mfuniko je? Tundu lile lilikaa wazi uani, mahali watoto wa ghorofa zote wanapochezea mpira wa soksi. Kina chake ni zaidi ya urefu wa mtu mzima. Aliyetumbukia ni samaki, tumeitana wote, tumekaa kikao, tumepiga kura. Angetumbukia mtoto? Mwenye nyumba aliniambia nisihamishe mada. Mjumbe alifunga daftari. Kwa haki ya Mungu, mfuniko mpaka leo haujarudi. Umewekwa ubao wa kuuzia mitumba, na ubao huo huondolewa kila siku ya mnada.

Nikaanza kufikiria tena lile shimo la Kunduchi, na sikucheka. Siku ile wakati narusha plastiki yangu, kulikuwa na watoto kama tisa wanaogelea upande wa pili, sare za shule wamezitundika kwenye jiwe. Ukuta umesimama wima. Ukitaka kutoka majini kuna mahali pamoja tu pa kupandia. Hakuna uzio. Hakuna kibao. Ni masika machache yanayopita Dar es Salaam bila kusikia mtoto amezama kwenye shimo la kokoto au la mchanga, na habari yake ni mistari minne, na katika mistari hiyo mmoja daima ni wa ofisa anayewaasa wazazi wawe makini. Wazazi! Mama anayegonga mawe tangu alfajiri, mtoto wake yuko mita hamsini kutoka alipo, na shimo hilo hakulichimba yeye. Alikuwa analipwa kwa ndoo.

Sheria ipo. Ile ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004. Ile ya Madini ya mwaka 2010 inayahesabu mawe na mchanga wa kujengea kuwa madini, kwa hiyo shimo la kokoto ni mgodi, na aliyechimba mgodi ana wajibu wa kuiacha ardhi katika hali ya kueleweka. Wamarekani nao hawakuwa malaika. Walikwangua ardhi yao miongo na miongo wakaiacha kama ilivyo, mpaka mwaka 1977 Rais Carter alipotia saini sheria ya nchi nzima ya kuwalazimisha wachimbaji wa makaa ya juu ya ardhi kuirudishia. Sehemu nzuri za video ile, ufuko uliolainishwa, njia ya boti, kibao cha kina cha maji, hazikuletwa na masika. Mtu alilipia. Kwetu aliyelipia ni aliyenunua kokoto, yaani jengo, yaani sisi kwenye kodi, na fedha imeishia kwenye ghorofa. Shimo halikupewa kitu. Hata mfuniko.

Basi. Jumamosi fimbo ilivunjikia kwenye mlango wa lifti, ambayo haifanyi kazi lakini mlango wake unafunga vizuri.

Jumapili nilikwenda Kunduchi bila fimbo, na mshipi tu na mche wa sabuni, nijaribu elimu ya Ukerewe mbali na kamera. Kwenye ukuta wa mwamba, juu kidogo ya maji, mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: ENEO HILI HALIUZWI. Pale pa kupandia alikuwa amekaa kijana kwenye stuli, na kizibao cha kung'aa na kitabu cha risiti.

"Karibu bosi. Ushuru wa kuvua."

Nikamuuliza ushuru wa nani.

"Wa eneo. Watoto wanaogelea bure, msiogope. Wavuvi tu."

Nikamwambia vizuri, mimi ni raia mwema, malipo ya serikali siku hizi hayaendi mkononi, anipe control number.

Akaniangalia kwa huruma, akatoa kalamu, akaniandikia kwenye kiganja namba iliyoanza na sifuri saba.